Upinde Uliolingana na Mikono Yangu

Jumamosi mlinizunguka uwanjani mkaniuliza kwa nini safari ya siku tatu ilichukua siku tano. Sikujibu. Fundi Hamisi, mshonaji niliyesafiri naye, alijibu badala yangu kwamba basi liliharibika njiani, na ni kweli liliharibika. Lakini hiyo si habari yote. Mimi nikisimama mbele ya watu maneno yananiishia, kwa hiyo nimeandika. Nimeandika polepole, kidogo kila jioni, na nimeeleza hata mambo mnayoyajua ili mzazi atakayesoma naye aelewe. Habari za tiketi na vibali nimeziruka.

Kabla ya kuondoka Kagarama

Sisi ni tisa tunaojifunza kupiga mishale kwenye uwanja ulio nyuma ya shule hapa Kagarama, Kigali, wakubwa watano na wadogo wanne, na Claudine ndiye anayetuongoza. Pinde zetu ni za mti na tunazichonga wenyewe. Upinde wa mti, kadiri unavyouvuta, ndivyo unavyozidi kuwa mzito, na pale unapotakiwa kutulia ulenge ndipo ulipo mzito kuliko pote. Mtoto mdogo hawezi kutulia hapo. Mkono unatetemeka, anaachia kabla hajalenga. Mwaka jana wadogo watatu waliacha kuja kwa sababu hiyo. Zaina, mjukuu wa Fundi, ana miaka kumi na mmoja na jicho lake ni zuri kutushinda wote, lakini mishale yake huenda popote. Alikuwa ameshamwambia Claudine kwamba muhula ukiisha hatarudi.

Upinde wa kompaundi hauko hivyo. Kwenye ncha zake una magurudumu mawili madogo, na kamba zinapita juu yake. Ukiuvuta unakuwa mzito katikati, kisha magurudumu yanapinduka na uzito unaondoka mkononi, kama mtu amekupokea mzigo. Hapo unaweza kukaa na kulenga. Ila ni lazima mikono yako iwe na urefu wa kufika mahali hapo pepesi. Ikiwa mifupi kuliko upinde, hufiki. Unabaki kwenye uzito.

Nilijua hayo kwa sababu ninakata nyasi na kupogoa ua katika nyumba moja Nyarutarama, na kijana wa nyumba ile aliwahi kunipa upinde wake niuvute mara moja. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiuwaza hata nikiwa na mkasi mkononi. Katika kundi letu hakuna mwingine aliyewahi kuugusa, ndiyo maana mkanichagua mimi kwenda Kampala kuchagua upinde wetu wa kwanza. Fundi mlimchagua kwa sababu anaijua njia. Huenda huko mara kwa mara kununua vitambaa, na ndiye anayetushonea magunia ya shabaha na kuyajaza vipande vya nguo vinavyobaki dukani kwake.

Jioni kabla ya safari aliwaita wote dukani akawapima mikono kwa tepu yake, mmoja mmoja, akaandika katika daftari. Alimpima Zaina wa mwisho, kama angempima mtoto wa jirani.

Nyabugogo hadi mpakani

Tulipanda basi alfajiri ya Jumatatu. Stendi ya Nyabugogo ilikuwa imeshaamka. Fundi alininunulia mayai mawili ya kuchemsha na pilipili ya unga katika kipande cha gazeti, yeye akala mandazi aliyofungiwa nyumbani. Karibu yetu alikaa mama mmoja wa Kabuga, mfanyabiashara wa vikapu. Tulikuwa kimya muda mrefu, mimi kwa kawaida yangu, Fundi kwa usingizi. Tulipofika kwenye mashamba ya chai ya bondeni, mama yule akamgusa Fundi bega na kumpa pole. Alidhani tunakwenda msibani. Fundi akamweleza kwamba tunakwenda kununua upinde wa watoto. Mama akaniangalia mimi kwa muda, kisha akamwuliza Fundi kwa Kinyarwanda kama siku hizi watoto wanawinda. Baada ya hapo hakusema nasi tena, ila aliposhuka mpakani aliniachia ndizi moja.

Gatuna, mpakani, tulikaa kwa saa tatu. Lori lilikuwa limekwama kwenye kona na mabasi yote yakasubiri nyuma yake. Tulipovuka, basi likahamia upande wa kushoto wa barabara. Nilikuwa nimeambiwa, lakini mwili wangu haukukubali. Kila gari lilipotujia mbele nilikanyaga sakafu kama mtu anayetafuta breki. Fundi alicheka kidogo na kunishika goti.

Huko Uganda saa iko mbele yetu kwa saa moja. Abiria wengine walirekebisha saa zao. Fundi alikataa. Alisema anafuata jua kwa swala zake, na saa ya mkononi ni ya kazi ya dukani tu, na duka liko Kagarama. Nawaomba mlikumbuke jambo hili kwa sababu lilitupotezea nusu siku.

Kabale hadi Kampala

Milima ya Kabale ilikuwa na baridi, na wauzaji walikuja madirishani na viazi na karoti. Baadaye nchi ikawa tambarare, ng'ombe wenye pembe ndefu wakaonekana pande zote mbili. Tulipofika Lukaya wachoma nyama walilivamia basi na vijiti vyao. Fundi alitaka kujua nani aliyechinja. Kila muuzaji akasema ni yeye mwenyewe, tena kwa kisu kisafi. Fundi akanunua gonja, ndizi tamu ya kuchoma, tukala hiyo.

Tulifika Kampala jioni. Kwenye nyumba ya kulala wageni, ambayo hakuwahi kufikia, Fundi alimsalimu mwenye nyumba kwa Kiswahili chake kizuri, kile alichokirithi kwa babu yake mfanyabiashara wa pwani. Mama yule alikuwa amekaa. Akasimama. Kabla hatujaomba chumba alileta daftari la wageni, akalifungua mbele ya Fundi, akasema kodi yote ya serikali imeshalipwa na wageni wake ni watu wema. Sisi tukasema ahsante, tukidhani ndiyo desturi. Alitupa chumba cha mbele na sabuni mpya.

Asubuhi mpishi wake alitueleza. Kule watu wengi wa umri wake wanakijua Kiswahili kama lugha ya askari, na mama alidhani Fundi ni mkubwa fulani amekuja kukagua. Fundi alikunywa chai yake. Kisha akasema, "Babu yangu alikuwa anauza shanga." Siku ile yote alisema kwa sauti ya chini.

Nyumbani kwa Nnalongo

Anayeuza pinde ni mama mmoja wa mtaa wa Ntinda. Watu wanamwita Nnalongo, jina la heshima ambalo Waganda humpa mama wa pacha. Amekulia Nairobi, kwa hiyo Kiswahili hakimtii hofu. Anafundisha vijana kupiga mishale, na katika chumba kimoja cha nyumba yake anauza pinde, mpya na zilizotumika.

Kabla ya safari alituambia kwa simu twende Jumanne saa nne. Tulifika saa nne ya Fundi, ambayo kwake ilikuwa saa tano. Alikuwa ameshaondoka kwenda kufundisha. Tulimngoja barazani hadi saa tisa na nusu, tukiangalia kuku wake.

Aliporudi hakutulaumu. Aliomba vipimo. Fundi akatoa daftari kwa heshima, kama anavyompa mteja nguo iliyokamilika. Nnalongo akasoma ukurasa mzima, akauliza vipimo hivi vimechukuliwa kutoka wapi hadi wapi. Fundi akajibu kwamba vimechukuliwa begani hadi kwenye kifundo cha mkono, na upana wa bega kando.

"Mzee," Nnalongo akasema, "umewapimia mashati."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa upinde, mtu anasimama na mgongo ukutani, anatandaza mikono yote miwili, unapima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, unagawanya kwa mbili na nusu. Hapo ndipo unapojua urefu wa mvuto wake. Fundi amepima mikono ya watu miaka thelathini, na mkono wake ulikwenda palepale ulipozoea. Alikunja daftari akaliweka mfukoni. Nilimwonea huruma, kwa sababu hakuwahi kukosea kipimo mbele yangu.

Nnalongo akanisimamisha mimi ukutani. Kisha akaleta pinde mbili.

Wa kwanza ulikuwa mweusi, mpya, mwepesi kuliko ulivyoonekana. Mvuto wake unaweza kupunguzwa kidogo tu, hadi inchi ishirini na saba, na nguvu yake haishuki chini ya paundi arobaini. Wa pili ulikuwa umetumika. Rangi yake ya buluu ilikuwa imechubuka, na mtu alikuwa ameubandika picha ya sungura. Huo unarekebishwa kutoka inchi kumi na saba hadi ishirini na saba, na nguvu yake kutoka paundi kumi hadi arobaini.

Alinipa mweusi kwanza, pamoja na mshale, nikiwa nimeelekea gunia lililoko mwisho wa ua. Alinionya: ukiuvuta bila mshale usiuachie kamwe. Nguvu ambayo ingekwenda na mshale inarudi kwenye upinde, nao unapasuka. Nikavuta. Ukapita mahali pazito, kisha uzito ukaondoka, na mkono wangu ukafika kwenye shavu palepale panapotakiwa. Nilikaa hapo. Sijui nilikaa muda gani. Nilipoachia, mshale ulikuwa katikati ya gunia.

"Huu ni wako," Nnalongo akasema. "Ni kama ulishonewa. Lakini mnanunua wa watu tisa."

Wakati huo adhana ilisikika, na Fundi akaenda msikitini. Tukabaki wawili. Nnalongo akaniuliza kama atuazime simu yake tupige nyumbani watoto wapimwe upya. Nikasema wako shuleni, na ilikuwa kweli. Ningeweza kuongeza kwamba jioni watakuwa nyumbani. Sikuongeza. Akaniuliza, "Yule mdogo kuliko wote, anakufika wapi?"

Zaina ananifika kifuani, chini kidogo. Nyote mnajua. Nilikuwa bado na upinde mweusi katika mkono wa kushoto. Nikanyanyua mkono wa kulia nikauweka chini ya kidevu.

Nnalongo akauangalia mkono wangu. Akasema kama ni hivyo basi wadogo wako karibu, mwaka mmoja na watakuwa wameufikia mweusi, na upinde mpya utadumu kuliko wa zamani. Fundi aliporudi akamweleza hivyo. Fundi akaniuliza, "Umeridhika, Jado?" Nikatikisa kichwa kukubali. Hakumtaja Zaina hata mara moja. Nadhani aliona si haki kuuliza habari za mjukuu wake kabla ya watoto wa wengine.

Kampala hadi Lyantonde

Jumatano asubuhi tulipanda basi la kurudi. Upinde ulikuwa ndani ya mfuko wake mrefu mweusi, nao niliupakata. Nilipaswa kufurahi. Niliushika mfuko kwa nje, nikalitafuta gurudumu la juu kwa vidole, na kila nilipolipata nilimwona Zaina akivuta.

Kabla hatujafika Lyantonde basi lilitoa moshi na kusimama. Kondakta, kijana mrefu mcheshi, alituambia ni jambo la dakika kumi. Baada ya saa mbili dereva alikuwa bado chini ya basi na miguu yake tu ndiyo iliyoonekana. Abiria walikaa kwenye nyasi. Mama mmoja aliuza mahindi ya kuchoma, na Fundi alinunua mawili.

Nilipoulaza ule mfuko kando yangu, watu wakaanza kusogea. Mmoja alikuwa amemsikia Fundi akisema Kiswahili. Wakanong'onezana. Mwishowe kondakta akaja kwa niaba yao, akachuchumaa mbali kidogo.

"Mzee, hiyo iko bunduki?"

"Ni upinde," Fundi akasema. "Wa watoto."

"Watoto wa jeshi gani?"

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyesogea karibu. Fundi alikuwa amechoka kudhaniwa askari. Akaniambia niufungue. Nikaufungua. Walipoona magurudumu na kamba walishangaa zaidi kuliko kama ingekuwa bunduki. Kondakta akasema anavyoona hiyo ni baiskeli iliyokatwa, na mzee aivute watu waone kama inakwenda.

Nilipaswa kusema hapana. Fundi ni mfupi, mnamjua, na mikono yake ni mifupi. Pia tulikuwa tumeonywa kuhusu mshale. Lakini kusema hapana kungeanzisha maswali, na maswali yangefika nisipotaka. Nikampa. Fundi akasimama, akavua koti, akanyoosha mkono wa kushoto kama alivyoniona nikifanya kwa Nnalongo, akavuta.

Alifika katikati, mahali pazito kuliko pote. Akavuta tena, uso ukabadilika. Hakufika. Mkono wake ulikuwa umekwisha na upinde ulikuwa bado unataka kuvutwa zaidi. Hakuweza kuendelea, hakuweza kukaa, na alijua kwamba hawezi kuachia. Mabega yalianza kutetemeka, kisha mgongo mzima. Ulikuwa mtetemo wa Zaina, ule tunaouona kila Jumamosi, ila huu ulikuwa kwa mtu mzima mwenye mvi.

Nilikwenda nyuma yake, nikamzungushia mikono, nikaishika kamba juu ya vidole vyake, na tukairudisha polepole pamoja hadi ikatulia. Nilisikia moyo wake ukigonga kwenye kifua changu. Kondakta akauokota mfuko na kunipa bila mzaha.

Fundi alikaa kwenye nyasi akisugua bega. Watu wakarudi kwenye mahindi yao. Akasema, bila kunitazama, "Zaina ni mfupi kuliko mimi."

"Ndiyo, Fundi."

"Yule mama alisema wadogo wako karibu. Nani alimwambia?"

Nikanyanyua mkono nikauweka chini ya kidevu, kama nilivyofanya mara ya kwanza.

Fundi aliutazama. Akatoa tepu mfukoni, akasimama, akaniambia nisimame wima. "Sasa nionyeshe anapokufika." Nikaushusha mkono hadi kifuani, chini kidogo. Akaweka ncha ya tepu chini ya kiatu chake kando ya mguu wangu, akaivuta hadi kwenye mkono wangu, akasoma, akaandika katika daftari. Kisha akapima pale kidevuni, akaandika hiyo pia, chini ya ile ya kwanza. Akaniuliza, "Ulijua?"

"Nilijua. Niliutaka."

Nilitaka anigombeze. Alikunja tepu kama anavyoikunja dukani akifunga kazi. Alisema tu kwamba tunarudi Kampala, na kwamba nivae koti, upepo umeanza.

Lyantonde hadi Kampala, mara ya pili

Kondakta alitusimamishia basi lililokuwa linakwenda upande wa pili, na akampa Fundi simu yake apige Kigali, kwa sababu laini ya Fundi ilikuwa haifanyi kazi tangu mpakani. Nilimsikia akizungumza na mteja mmoja wa Kabuga ambaye bintiye alikuwa anafunga ndoa Ijumaa. Nguo za wapambe wa bibi harusi zilikuwa zimekatwa lakini hazijaunganishwa. Fundi aliomba radhi mara tatu. Aliporudisha simu alisema mteja atatuma mtu kuzichukua nguo na kuzipeleka kwa fundi mwingine. Hakusema kwamba ni kwa ajili yangu.

Tulipofika Lukaya Fundi alinunua gonja, akaivunja vipande viwili, akanipa kile kikubwa. Niliishika mkononi hadi ikapoa.

Mama wa nyumba ya wageni alipotuona tena alileta daftari lake la kodi.

Nyumbani kwa Nnalongo, mara ya pili

Alhamisi tulifika Ntinda saa tatu ya Fundi, tukijua kwamba ni saa nne yake. Fundi alinisukuma kidogo mbele. Nilimwambia Nnalongo mimi mwenyewe. Nilisema maneno machache na sikumbuki yalikuwa yapi. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama upinde ulivutwa baada ya kutoka kwake. Nikamweleza habari ya Lyantonde.

Akaupeleka kwenye mwanga. Akachukua pamba, akaipitisha taratibu kwenye mabapa ya upinde, ile mikono yake miwili inayopinda, juu na chini, mbele na nyuma. Kama kuna ufa, hata ule usioonekana kwa macho, pamba inanasa. Pamba ikinasa hawezi kuupokea na kutubadilishia, alisema, na asingetudanganya. Nilisimama pale nikiutazama mkono wake. Kama pamba ingenasa, ningerudi kwenu na upinde uliopasuka, wenye kipimo cha mtu mmoja. Pamba ilipita. Akairudia mara ya pili kwenye bapa la chini. Ikapita.

"Sikufanyii hisani wewe," akaniambia. "Ni kwa ajili ya mzee."

Jioni, watoto walipotoka shule, tulipiga simu. Claudine aliwasimamisha wote kwenye ukuta wa duka la Fundi na kuwapima kwa uzi, kisha akaupima uzi kwa tepu, akitutajia jina na namba. Fundi aliandika ukurasa mpya. Nnalongo akagawanya. Ule wa buluu unawafaa wanane kati yetu, kuanzia Zaina kwenye inchi ishirini na nusu.

Alitufundisha kuurekebisha. Kuna ufunguo mdogo wenye pembe sita. Unalegeza skrubu mbili, unasogeza kipande cha gurudumu hadi kwenye alama ya mtu, unakaza. Nikafanya mara nane, kwa kila jina, na nilipofika kwenye jina langu, la tisa, Nnalongo akanizuia. Mvuto wangu unazidi inchi ishirini na nane. Nikiutumia huo mkono utabaki umekunjwa, na mazoea hayo hayatatoka tena. "Wewe endelea na wa mti," akasema. Nikasema sawa.

Kampala hadi Kagarama

Ijumaa basi halikuharibika. Mpakani magari yalirudi upande wa kulia na miguu yangu ikatulia. Kwenye mashamba ya chai Fundi aliniambia kwamba hatamwambia mtu yeyote, si Claudine wala mke wake. Alisema kipimo kilikosewa na wawili. Yeye aliwapimia mashati, na la kwake atalisema mwenyewe. La kwangu ni langu. Nikamwuliza kama atanichukia. Alifikiri kwanza. "Nilikasirika kutoka Lyantonde hadi Masaka," akasema. "Baadaye nilichoka."

Uwanjani

Jumamosi mlikuwepo, lakini ninyi mliuangalia upinde na mimi nilikuwa nimepiga goti karibu na Zaina, kwa hiyo nitasema nilichokiona. Niliuweka kwenye inchi ishirini na nusu, nguvu ya chini kabisa. Aliuvuta ukapita mahali pazito, na magurudumu yakapinduka. Uso wake ulishtuka, kama mtu aliyesukuma mlango akakuta umefunguliwa. Mkono ulitulia. Alilenga, mkamwambia aachie. Hakuachia. Mkahesabu hadi ishirini. Aliurudisha taratibu kama nilivyomfundisha, mshale ukiwa bado kwenye kamba.

Nilimwuliza kwa nini hakupiga. Alisema mara hii alitaka kukaa tu. Kisha akanishukuru kwa kuchagua vizuri. Nanyi mkapiga makofi, na mimi nikaangalia chini. Fundi alikuwa nyuma akishona gunia lililopasuka, hakuinua kichwa.

Karatasi hizi nimempa Claudine azisome kwa sauti Jumamosi hii kabla hatujaanza. Ufunguo wa upinde pia nimempa, na ninyi mtaamua nani aushike. Sitakaa nje ya ua kama ninavyofanya mkizungumza mambo ya kundi. Nitakaa mbele, mnione. Claudine akimaliza, mwenye swali aniulize, nami nitajibu kwa mdomo, hata nikichelewa. Zaina aanze.